Mkono Ndani ya Shimo la Ndizi

Leo, sokoni pale Vulamba, mama mmoja amefunua beseni lake la ndizi mbivu, na ile harufu tamu inayokaribia pombe ikanipiga usoni.

Nilikuwa mtoto baba alipouawa njiani, akirudi kutoka Beni. Tulipotoka makaburini nilimwambia koko, mama yake baba, kwamba sitasali tena. Padri anasema baba atafufuka, nilisema, lakini mimi nimegusa udongo wa kaburi, na ulikuwa baridi.

Sikupigwa. Koko alinivuta hadi nyuma ya jiko, kwenye shimo la ndizi za kukamulia kasiksi, pombe yetu ya nyumbani. Baba mwenyewe ndiye aliyezifukia kabla ya safari, zikiwa mbichi, ngumu na baridi, na hakuna aliyewasha moto pale.

“Ingiza mukono.”

“Koko, naogopa.”

“Tomasi wa mu Injili naye aliogopa. Unafikiri aliingiza mukono mu mbavu ya Bwana tu? Hapana. Ile kidonda ilikuwa mu roho yake yeye mwenyewe. Ingiza!”

Nikaupenyeza chini ya udongo na majani. Nikapiga yowe, nikauchomoa. Mle ndani mlikuwa na joto, joto la mtu aliyelala.

“Koko, nani anawasha moto mule?”

Aliushika mkono wangu wenye udongo, akaubandika kifuani pangu, akaukandamiza hapo mpaka nikasikia joto lile lile.

Mwenye beseni amesimama, anautazama mkono wangu ulio kifuani.

“Papa,” anauliza, “unaumwa kifua?”