Jina la Mlima Alikolala Mama

Nilikuwa kazini, ghalani huko Buffalo, kaka yangu aliponipigia simu kutoka kwake Whitehall, pembeni ya Columbus. Baba yetu, ambaye hakutaka kuondoka Louisville kwa sababu ya kanisa lake, alikuwa amepigwa na kiharusi.

"Anapumua," kaka alisema. "Lakini hasemi."

Niliketi juu ya boksi. Mama alifia njiani tulipokimbia kutoka milima ya Kivu Kusini. Sisi watoto tulikuwa tumetangulizwa na majirani. Baba alimzika peke yake kwenye mlima fulani, kisha akatufuata. Kila tulipomuuliza ni mlima gani, alijibu, "Amani ikirudi, nitawapeleka."

Nilimchukua binti yangu, tukapanda basi hadi Columbus, na kutoka hapo tukaenda Louisville kwa gari la kaka. Njiani binti alikuwa akifanya kazi ya shule kuhusu mlima mmoja wa Antaktika, huko kwenye barafu ya ncha ya kusini ya dunia. Wavumbuzi waliuona wakiwa ndani ya ndege, wakaupiga picha, wakaupa jina la rafiki yao aliyebaki nyumbani.

"Wenyeji walikuwa wanauitaje?" kaka aliuliza.

Binti akajibu kwa Kiingereza kwamba hakukuwa na wenyeji. Hata mti hakuna.

"Bon, sawa," kaka akasema. "Kumbe mtu anachungulia dirishani tu, rafiki yake anapata mlima."

Sikucheka. Nilikuwa nikiyakusanya kichwani majina ya milima ya kwetu.

Hospitalini nilimshika baba mkono. "Baba, ukisikia jina la pale ulipomlaza mama, nibane."

Nikaanza na mlima wa nyuma ya kijiji, tulikopeleka ng'ombe. Akanibana. Nikataja wa pili, ili nihakikishe, akabana tena. Wa tatu, vilevile. Basi nikatunga jina lisilokuwepo popote duniani, nikamtajia. Akabana.

"Dada, acha," kaka alisema. "Anabana kwa sababu umemshika."

Sikuacha. Niliendelea kutaja mpaka sauti ikakauka, na baba akiniangalia kwa jicho moja lililojaa maji.

Binti alikuwa amefungua ramani kwenye simu yake. Milima ya kwetu ilionekana kama nguo iliyokunjamana, mingi haikuandikwa chochote. Akaisogeza chini hadi Antaktika, na huko majina yalijaa juu ya barafu tupu.

"Mama, kwa nini usiupe mlima wa bibi jina wewe? Wale wavumbuzi walifanya hivyo."

"Wale hawakuwa na mtu wa kumuuliza," kaka akamwambia. "Ule wetu kuna watu wamezaliwa chini yake. Una jina."

"Wako wapi hao watu?" nikamgeukia. "Donc, basi nipeleke. Nipeleke leo."

Kaka akaichukua simu ya binti, akaifunga ramani.

Baba alifariki Jumapili asubuhi, wenzake wa kwaya wakiwa kanisani. Tulimzika Louisville. Kaburini mchungaji aliniinamia, akaniuliza mama alizikwa wapi, apate kupataja katika maombi.

"Milimani," nilisema.

Alisubiri niendelee. Kaka akamgusa bega, na mchungaji akafungua Biblia.