Buibui Wangu Alivyokwenda Kwenye Posa

Naona aibu mpaka leo, sifichi, lakini naomba nisikilizwe kwanza, maana kila anayeisikia habari hii hapa Ukonga ananicheka mie, wakati aliyebeba chombo siyo mie.

Rafiki yangu alikata mkorosho kwenye kiwanja chake Pugu, na kwenye tundu la shina akatoka buibui mkubwa, mwenye manyoya, anajaa kiganja, wale wanaoishi juu ya miti. Nikamhurumia (nafundisha baiolojia, msinishangae), nikamchukua. Sasa buibui wa mtini hataki nyumba pana, anataka ndefu, apande, na chombo kirefu nilikuwa nacho kimoja tu, kopo la plastiki ambalo mama yake Rehema, mchumba wangu, aliniletea likiwa na visheti. Visheti nilishavimaliza. Nikapasha msumari moto, nikatoboa matundu ubavuni, nikatandika makumbi ya nazi chini, nikasimamisha gome la mkorosho, nikanyunyiza maji, na kwa kuwa mwenyewe anapenda giza nikalifunika kopo lote kwa kitambaa kilichodariziwa. Likapendeza, nisiseme uongo.

Jumamosi tukawa tunakwenda Kawe, kwa kina Rehema, kupokea jibu la posa. Shangazi Mwanaidi, aliyekuja toka Tanga kwa shughuli hiyo, akaliona kopo mezani kwangu, akakisia kwa urefu wake kuwa ni lile la visheti nililomsimulia, la mkwe, akajisemea kijana ana adabu, anajua chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Akalitia kikapuni. Hakuniuliza. Hakufunua, eti kuchungulia zawadi ya mtu si heshima. Na kubeba usichokijua ndiyo heshima?

Tukafika, wanaume tukakaa barazani, mie na kanzu yangu mpya nimetulia, mara namsikia shangazi ndani anasema, "Mwanao kakurudishia chombo chako, na hakukirudisha kitupu." Nikajiuliza, chombo gani tena? Kabla sijasimama mama mkwe alishafungua, na buibui wa mtini kawaida yake anakaa juu kabisa, yaani alikuwa kaganda kwenye mfuniko wenyewe. Mfuniko ukatupwa huko, wanawake wote wakatoka kwa mlango mmoja kwa wakati mmoja, na kikombe cha chai kikamwagikia busati.

"Njoo umchukue mdudu wako," shangazi akaniambia, kama vile siye aliyempakata toka Ukonga mpaka Kawe.

Mdudu keshapanda pazia mpaka juu. Ikabidi nipande meza ya mama mkwe, na kanzu ndefu hairuhusu, nikaikunja kiunoni, na ndani nilikuwa nimevaa bukta ya mpira ya njano (nilijua nani ataiona?), na wakwe zangu wamejaa mlangoni wananitazama. Nikamnasa kwa bilauri, nikashuka nimefura.

"Shikamoo mama," nikaanza, "mie sikumtuma shangazi, na huyu mdudu mwenyewe hana neno na mtu."

"Marahaba. Mdudu kaumbwa na Mungu, simlaumu." Alikuwa kalishika kopo, anapitisha kidole kwenye matundu, moja moja. "Hili kopo alinipa marehemu mama yangu siku naolewa. Nilikuletea visheti ndani yake kwa sababu nilishakuhesabu mwanangu. Nani kalitoboa?"

Majibu nilikuwa nayo mengi, ya shangazi, ya mkorosho, ya heshima, lakini msumari ulikuwa wangu.

Jibu la posa hatukupewa, tumeambiwa tusubiri. Buibui nimemrudisha kwenye mikorosho ya Pugu. Shangazi bado nimemkasirikia, na nitaendelea, lakini nimeapa kwamba chombo cha mtu kikinifikia nitakula kilichomo, nitakiosha, nitakirudisha kwa mkono wangu mwenyewe siku hiyo hiyo. Rehema hapokei simu. Jana kaniandikia ujumbe mmoja tu, kwamba mama yake amejaribu kuweka visheti vingine mle koponi, na vimeingia sisimizi.