Shingo ya Msichana wa Kaure

Siku yangu ya kwanza kwenye duka la sanamu za kale, mtaa wa Khuwair ya Kusini, nilimsifu msichana wa kaure kwa uso wake mzuri. Mudir, mwenye duka, akacheka. "Uso kila mtu anauona, Salma. Mpindue!" Chini pana mawimbi matatu ya buluu, alama ya kiwanda cha Denmark. Akanifundisha kupitisha ukucha. Buluu ya kweli hupakwa kabla ya tanuri, ikakaa chini ya ngozi ya kioo, ukucha haukwami. Ukiona mkwaruzo umeyakata mawimbi, ujue kiwanda chenyewe kiliona kasoro.

Nikajifunza, tena nikajua hasa. Miaka ishirini na kitu watu wakiambiana, "Mpelekee Salma aitazame," na nikishasema, ndiyo hivyo. Sijisifu bure.

Ila shingo moja ilinishinda. Bi Zuwena alimnunulia mamake mgonjwa sanamu ya msichana na bata, mfano wa ile waliyoiacha Unguja walipohama. Nikamwambia, "Mzima huyu, mimi nnakudhamini." Mwaka wa pili, mama keshafariki, Bi Zuwena akaniita kwake. Shingo ya sanamu imezungukwa na ukanda wa manjano.

"Nimemharibu kwa ubani wangu," akasema. "Mama akiupenda, nikimfukizia asubuhi na jioni. Tangu nione hivi, miezi minne sasa, sijautia moto tena."

Moyo ukanipiga pa! Ngozi ya kioo hainywi moshi. Rangi ya kufichia ufa ndiyo inayokunywa. Shingo ilishavunjika zamani, ikagandishwa, ikapakwa, nami sikuona. Nikatoka barazani kumpigia Mudir.

"Mwenyewe kashasema ni ubani," akanijibu. "Unataka nini tena? Nyamaza!"

Wallahi nilimkasirikia, na nafsi yangu zaidi. Nikarudi ndani nikamweleza Bi Zuwena yote. "Kosa langu, dada. Ntakutafutia mzima."

Machozi yakamtoka. "Mzima simtaki, mama hakumshika huyo. Nikidhani nimeharibu kitu cha mwisho alichokipenda. Kumbe si mimi!"

Sasa nimestaafu. Nyinyi vijana mnanionyesha picha za simu. Leteni sanamu yenyewe niishike, ntawajibuni papo hapo. Lakini kila nikitia ubani chetezoni kwangu, humkumbuka Bi Zuwena, mtoto wa watu, aliyeinyima nyumba yake harufu ya mamake miezi minne kwa kosa langu mimi.