Asali Kwenye Uji wa Ulezi

Sukari sikumpa. Hamjauliza, najua, lakini macho yenu nayaona, kwa hiyo najibu tumalize. Ile sukari nyeupe ya dukani haikuingia kwenye uji wa yule mtoto hata punje. Kopo nililipandisha juu ya kabati kwa mikono yangu, na magoti yangu haya, nikawa nakunywa chai bila sukari pamoja naye miezi ile yote ili asitamani. Sasa ningempaje sukari?

Nilimpa asali.

Ngoja niseme vizuri. Habari hii imenichosha kuliko palizi, lakini nikinyamaza inajisemea yenyewe humu kichwani, tena kwa sauti za watu wote.

Yule ni mtoto wa binti yangu. Mama yake alifariki yeye hajaota hata jino moja, nikamlea mimi hapa hapa Rhotia. Akaolewa Endamarariek. Mumewe ni mpishi kwenye kambi za wageni huko juu Ngorongoro. Kijana mzuri, mimi namwita mume wangu, na mjukuu namwita mke mwenzangu, ndivyo tunavyotaniana. Akipiga simu anapiga kelele kama yuko mlima wa pili: "Bibi shikamoo! Niko kazini, nina wageni sita, wote vejiterian, netiweki inakata!" Namwambia marahaba mume wangu, wape majani, hata ng'ombe wetu ni vejiterian. Anacheka, simu inakatika.

Basi mjukuu akashika mimba. Akaenda kliniki Karatu, wakampima damu, wakakuta kirusi cha homa ya ini. Nesi alikuwa mama mmoja wa Kilimanjaro, ana sauti ya kuuza vitenge: "Mama, nisikilize mimi, eeh? Kiko kwenye damu. Hakipiti kwenye kikombe, hakipiti kwenye sahani, hakipiti kwa kushikana mkono. Mumeo aje apimwe. Na mtoto akitoka tu tunamchoma sindano, siku hiyo hiyo. Umenielewa? Rudia nilichosema." Mjukuu akarudia. Alisoma yule, siyo kama mimi.

Akaenda nyumbani akarudia tena mbele ya mama mkwe wake. Yule mama ana sauti ya kanisani, laini, inatoka puani: "Mwanangu, wala siyo ubaya. Ni usafi tu." Akamnunulia kikombe cha plastiki cha bluu, akakifunga uzi mweusi kwenye mshikio ili kisichanganyike na vya wengine. Na bakuli lake. Na pa kukaa, pale mlangoni.

Alivumilia wiki mbili, siku moja nikamwona anaingia kwangu na begi, ndani kuna kanga, kadi ya kliniki na kile kikombe. Nikamuuliza, "Mke mwenzangu, umefukuzwa na mume wetu?" Hakucheka. Akakitoa kile kikombe akakiweka mezani.

Mimi nikauona ule uzi, nikakumbuka yangu. Mimi ni Mwiraqw, nimekaa metimani, kule kutengwa kwetu. Zamani mimba ikimtoka mwanamke anatengwa, kibuyu chake, bakuli lake, haendi kwa watu, watu hawaji kwake, mpaka wazee waseme basi. Mimba yangu ya kwanza ilitoka, nikakaa hivyo msimu mzima, nawasikia wenzangu wanapura mahindi wanacheka. Mama yangu mzazi alikuwa anaweka chakula chini na kugeuka kabla sijakishika. Kwa hiyo kikombe nikakitupa nje, kikawa cha kunyweshea kuku. Nikamwambia, hapa utakula na mimi bakuli moja, na huyo mtoto utamlelea hapa. Akalala usingizi siku nzima, maskini.

Miezi ikaenda. Kliniki iliyofuata wakamnywesha maji ya sukari, wakamsubirisha, wakamchoma kidole. Sukari iko juu. Nesi akasema, "Ndiyo maana nilikuwa nakuangalia. Ini ndilo linalotunza sukari mwilini. Mwenye kirusi cha ini tunamwangalia na sukari pia, maana kwa wengine vinafuatana, na mimba yenyewe inapandisha. Sasa sukari acha, soda acha, ugali kidogo, mboga nyingi, tembea. Usipofanya hivyo mtoto atakuwa mkubwa kupita njia, na akizaliwa yeye ndiye atateseka."

Mjukuu akashika maneno yale kama amri kumi. Alikuwa anaandika namba zake kwenye kalenda ya ukutani. Anatembea mpaka madukani na kurudi, tumbo mbele. Ugali anamega kama wa kutambikia. Mimi namwangalia mifupa ya uso inatoka. Moyoni nikasema, huyu nesi ameshika sukari tu, na ini nani analitibu?

Siku ya mnada akapita Mmasai mmoja, ametoka upande wa Ngorongoro, ana asali kwenye dumu. "Bibi, hii asali iko ya porini. Nyuki yangu hapana jua duka! Mtu ya ini anakunywa hii, anaamka, anachunga ng'ombe." Nikaonja. Nyeusi, inakwaruza koo, ina moshi. Jamani, sisi asali tangu lini ikawa sukari? Mtoto akikohoa ni asali. Kidonda ni asali. Wazee wakipatana, wanapatana kwa pombe ya asali. Sukari imeletwa na maduka juzi tu.

Nikanunua. Kila asubuhi vijiko viwili kwenye uji wake wa ulezi, na ndimu kidogo ya kuficha utamu. Sikumwambia. Ningemwambia angeenda kumuuliza nesi, maana siku hizo hata kukohoa alikuwa anamuuliza nesi.

Siku ya kwanza akasimamisha kikombe. "Bibi, uji mbona mtamu?"

"Ndiyo ulezi wa Mbulu huo. Na wewe ulimi umesahau sukari, mwezi ujao hata maji utayaona matamu."

Akacheka. Akanywa wote.

Tukarudi kliniki, sukari haijashuka. Tukarudi tena, imepanda. Nesi akavua miwani. "Mama, unakula nini kwa siri? Soda? Mandazi? Niambie tu."

"Sijala, nesi. Kweli tena."

"Damu haina uongo, mama. Uongo unao wewe."

Na mimi nipo pale kwenye benchi, nimeshika begi lake. Nikamwona shingo inalegea. Tulipotoka getini akaniuliza analia, "Bibi, nakosea wapi?" Nikamwambia ni hicho kirusi, ndicho kinapandisha, nesi si alisema vinafuatana? Na nilikuwa naamini, ndiyo ubaya wake. Kama ningekuwa nadanganya tu, labda ningeacha mapema.

Wakamwanzishia sindano za kushusha sukari, za kujichoma mwenyewe. Nikaona hizi dawa kali zitalichosha ini, nikaongeza kijiko cha tatu.

Wiki za mwisho nilikuwa nachoka kuliko yeye. Naamka, nakoka moto, nakoroga, naficha dumu nyuma ya gunia la maharage. Yeye anajichoma, anaandika namba, anaiangalia ile kalenda kama mtu anasubiri barua.

Mtoto akashindwa kupita. Wakampasua. Wa kiume, mkubwa, amejaa mikononi kama mtoto wa kutambaa. Sindano ya ini wakamchoma siku hiyo hiyo kama walivyoahidi. Lakini baada ya hapo akaanza kutetemeka, wakamkimbiza kwenye chumba cha watoto wachanga, akawekewa dripu. Wakasema alizoea sukari nyingi ya mama, kitovu kilipokatwa sukari yake ikaanguka. Siku mbili tulikuwa hatujui kama atabaki. Mume wangu wa kambini alikuwa bado yuko njiani. Mjukuu hana maziwa, hana mate, anaangalia mlango tu.

Siku ya tatu nesi akaja na habari: mtoto ameshika, ametulia, ataanza kunyonya. Tukashusha pumzi. Halafu akafungua kadi na kuanza upya, pale pale, wodi nzima inasikia. "Umeona lakini? Nilikuambia au sikukuambia? Mtoto ametetemeka siku mbili kwa ajili ya mdomo wako. Mimi nawaambia muache, nyie mnakuja kuniapia."

Mjukuu aligeuza uso ukutani, mkono juu ya mshono.

Hapo mimi nikachoka kabisa. Nikasema, "Mwache. Nilitia mimi. Asali. Kwenye uji. Kila siku."

Nilitegemea nesi anigombeze, nilikuwa hata nimejiandaa. Akainama, akaniambia taratibu, kama unavyomwambia mtoto aliyejikojolea, "Bibi. Asali ni sukari." Akafunga kadi, akaenda.

Nikajaribu kuchekesha. Ndiyo kazi yangu, nyumba ikiwa na huzuni nawaigiza watu. Nikamwigiza yule Mmasai wa asali, "Nyuki yangu hapana jua duka!", na mkono wa rungu na kila kitu. Mama wa kitanda cha pili akacheka kidogo, akaacha.

Nikasema basi, mke mwenzangu, nyumbani nimeshasiriba sakafu upya, kitanda nimekisogeza mbali na upepo, wakikuruhusu tunaenda Rhotia moja kwa moja, siku arobaini hugusi kitu.

Akageuka. Hakuwa amekasirika, ningependa angekasirika. Uso ulikuwa umechoka kama wangu.

"Hapana, bibi. Narudi kwa mama mkwe. Kule nitatengewa kikombe changu, lakini nitajua kilichomo."