Nisalimie Watu wa Barabarani

Kabla hatujahamishiwa kijijini, huku kwetu Kasulu kila kaya ilikaa peke yake ndani ya migomba yake. Mtu uliweza kutoka kazini ukafika nyumbani bila kukutana na watu wengi. Baadaye nyumba zikapangwa mstari kando ya barabara, na mimi, mfua mashuka wa hospitali ya misheni, nikawa napita mbele ya kila mlango. Na Muha hapiti mlango wa mtu hivi hivi. Unasimama, unainama, unapiga makofi polepole, unauliza habari za wazee, za watoto, za mbuzi, za muhogo uliolowekwa. Ukimaliza hapo, mlango wa pili unakusubiri.

Wakati huo najiandaa kwa mtihani wa kuingia mafunzo ya uuguzi. Sista mkuu alishaniambia waziwazi kwamba kwa umri wangu nitaruhusiwa mara moja tu. Nikikosa, ni beseni na sabuni mpaka uzee. Sikutaka! Mikono ilibabuka, na wasichana waliomaliza darasa la saba kama mimi walikuwa wananituma huku na huku kwa sababu wao wana kofia nyeupe. Iliniuma sana.

Taabu ilikuwa nguvu ya kusoma. Kwanza nilijaribu kusoma baada ya chakula. Wapi! Ugali wa muhogo ukishatua tumboni, kitabu kinageuka mto. Nikaona akili yangu ninayo kwa muda mfupi tu, kati ya kutoka kazini na kuwasha moto wa jioni. Na muda huo ndio salamu zilizokuwa zinaula.

Basi nikaanza kupita nyuma, kwenye mashamba ya maharage. Mume wangu alikuwa Tanga kwenye mkonge, nyumbani tulikuwa mimi na mama mkwe. Haukupita muda akaletewa maneno: mkamwana wako anaringa, hana salamu. Akaniita.

"Umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu, mama. Nikiwasalimia wote, sisomi."

"Na usipowasalimia, siku nikifa nani atakuja kunizika?"

Hasira zikanipanda. "Basi nisisome! Nife na mashuka ya watu!"

Mkamwana hamwambii mama mkwe hivyo. Nikangoja anitukane. Yeye alijifunga khanga yake akaenda kuchambua maharage.

Kesho yake nilirudi kwa njia yangu ya nyuma, nikakaa uani na kitabu. Nikasikia makofi barabarani, na sauti yake: "Mkamwana wangu anawasalimu. Yuko darasani." Darasa gani jamani, nimekalia kinu kilicholazwa! Nikachungulia. Alikuwa anainama. Mwanamke mzima, magoti mabovu, anawainamia hata wasichana walioolewa juzi, kwa sababu salamu ilikuwa yangu na mimi ndiye niliyepaswa kuinama. Alifanya hivyo kila jioni. Watu wakamcheka, wakamwambia mkamwana amekuroga. "Na nyinyi tafuteni wenu wawaroge," akawajibu.

Niliona aibu, lakini sikumzuia. Nilisoma.

Sista mkuu aliponiambia nimefaulu, nilipita barabarani mbio, na siku hiyo sikumsalimia yeyote. Nilimkuta mama mkwe mlangoni anajikanda magoti kwa maji ya moto. Nikaanguka mbele yake nalia.

"Umekosa?"

"Nimepata, mama."

"Sasa kilio cha nini? Inuka." Akakamua kitambaa. "Na huko unakokwenda, unarudi jioni?"

"Sirudi, mama. Tunalala huko huko. Miaka mitatu."

Akayatazama magoti yake kwa muda, moja baada ya jingine.

"Miaka mitatu," alisema. "Haya. Nitawaambia unawasalimu."