Ndege Niliyomnyima Rehema

Juzi muuza duka wa jirani yangu hapa Mwenge alimwaga mafuta ya taa. Harufu ilinikuta naanika nguo, nikainua macho juu kutafuta ndege. Msinicheke. Sisi tuliokulia Kiwalani, upande unaopakana na Yombo, tulijua kuwa harufu ile hudondoka kutoka angani. Ndege zilipita chini mno zikienda kutua, mabati yakatetemeka, vikombe vikagongana kabatini, na baada ya hapo ukivuta pumzi ulihisi kama mtu amewasha kibatari mlangoni.

Wageni waliziba masikio. Sisi watoto tulizigawana zile ndege. Anayesikia wa kwanza akapaza sauti "Yangu!" kabla haijaonekana, basi ni yake, na hakuna wa kumpokonya. Ukipiga kelele kumbe ni lori, unapoteza moja. Palikuwa na mtoto wa jirani mwenye ndege nyingi kuliko shirika lolote, na ndala zake zimefungwa kwa waya.

Lakini tajiri wetu hasa alikuwa mdogo wangu Rehema. Alizaliwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu unaoshika mifupa, kwa hiyo hakukimbia nasi. Alilala kwenye mkeka barazani, kimya, na kimya kile kilimpa masikio ya paka. Sisi tukiwa katikati ya mchezo wa rede, tulimsikia tu: "Yangu!" Tunatazama juu, hamna kitu. Tunaanza kumzomea, mara hiyo hapo, tumbo jeupe, matairi yameshatoka. Rehema alipunga mkono kwa heshima zote, kama mwenye nyumba anayepokea wageni, kisha akaanza kutusimulia abiria wake: huyu katapika, yule kabeba korosho za bibi yake, wale wawili wamenuniana tangu walipopanda. Tulisahau mpira tukakaa kumsikiliza. Sijawahi tena kufurahia kitu cha bure namna ile.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, yeye akiwa na saba, alilazwa karibu wiki tatu. Aliporudi miguu ilikuwa imevimba na macho yamekuwa ya njano. Nilikuwa nimezoea kulazwa kwake, kama mtu anavyozoea mvua za masika. Nilichoona mimi ni kwamba Mama alimpa paja la kuku, na mimi nikapewa shingo.

Siku ya pili yake, alasiri, nilikuwa naosha vyombo uani, Rehema yuko mkekani, Mama anapepea jiko la mkaa. Nikasikia mngurumo kwa mbali. "Yangu!" nikapiga kelele. Rehema naye akasema "Yangu," lakini sauti ilimtoka kidogo, na ilichelewa. Ikaja ndege kubwa, kubwa kuliko zote tulizowahi kuziona pale, ikafunika ua mzima kwa kivuli.

"Dada, nipe hiyo," alisema.

"Nimewahi mie."

"Moja tu, dada. Kubwa hivi sijawahi kupata."

Mama alisema bila kugeuka, "Mpe mwenzio. Kutoa ni moyo, si utajiri."

"Mama, sheria ni sheria! Kila siku anazichukua yeye."

Hapo Mama akaacha kupepea. "Mpe tu, mwanangu. Nakuomba."

Nyumbani kwetu Mama hakuwa mtu wa kuomba. Aliamrisha, na ukichelewa kofi lilifuata. Nilipomsikia ananiomba nilijiona nimeshinda, nikavimba kichwa. Nikasema sitoi. Rehema hakulia. Aligeukia ukutani, na abiria wa ndege ile hakuna aliyetusimulia habari zao.

Baada ya siku tatu walimrudisha hospitali, na huko akafariki.

Nakumbuka turubai uani, akina mama wamejaa mikekani, na shehe akisoma dua. Ikapita ndege. Shehe alinyamaza kuisubiri, maana hasikiki. Sisi watoto tulikuwa tumekaa pamoja kando ya ukuta, wote tuliisikia mapema, na tukatazamana. Hakuna aliyefungua mdomo. Nilitaka kusema ni ya Rehema, lakini nikaiacha ikapita haina mwenyewe.

Kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Nilipojifungua binti yangu, na usiku mmoja homa ikampanda, nilijisikia nikimwomba nesi kwa sauti ambayo niliitambua. Ilikuwa sauti ya Mama siku ile. Ndipo nikaelewa kwamba daktari alikuwa ameshamwambia Mama kuwa Rehema haponi, na kwamba Mama alikuwa hana mtu mwingine wa kumwomba chochote, ila mimi.

Mwaka jana nilimweleza Mama jinsi ndege ile inavyonisumbua. Alikuwa anachambua mchele, mkono ukasimama juu ya ungo.

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema. "Mie ndiye niliyekuwa najua. Ningekwambia ukweli ungempa."

"Ningempa zote, Mama."

"Najua. Basi, yaishe. Nimeshakusamehe."

Nilimshukuru, nikamsaidia mchele. Lakini niliyemnyima hakuwa yeye.