Paka wa mama mkwe alilikataa bakuli la shaba: niliyojifunza Kolwezi kuhusu maji ya paka

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi.

Wewe mwenye paka nyumbani, sogea hapa unisikilize kidogo. Haya yametokea kwangu, nikiyaona kwa macho. Pale nisipojua kitu nitasema sijui, sitakupambia hadithi.

Mada ni ndogo: chombo cha maji ya paka. Bakuli gani, au ile fonteni ya umeme inayozungusha maji?

Zamani ningekujibu kwamba paka akiwa na kiu atakunywa popote. Ningekuwa nakudanganya bila kujua.

Tunaishi mtaa wa Kapata, kwenye zile safu za nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi. Baba mkwe wangu alikuwa mmoja wao. Alipofariki, mama mkwe alihamia kwetu na mizigo michache, paka dume mzee, na bakuli la shaba.

Paka anaitwa Kapita. Kapita huku ni yule msimamizi wa kikosi cha kazi, na kwa kweli ukimwona anavyokaa mlangoni akikagua wanaoingia, jina linamfaa.

Bakuli ndilo nataka ulielewe. Marehemu alilifua mwenyewe kwa nyundo kutoka kipande cha bati la shaba. Ni dogo, lina kina, na linang'aa kama jua la asubuhi. Alikuwa akilinywea maji, na baadaye akampa Kapita. Mama alipofika kwetu aliliweka sakafuni jikoni, kando ya sahani ya chakula cha paka, na hakuna aliyethubutu kulisogeza.

Naomba nisimame hapa kidogo nieleze jambo la mila, maana bila hilo hutaelewa kwa nini nilihangaika.

Familia ya mke wangu ni Waluba wa Kasai. Kwao mwanaume na mama mkwe wake hawasemezani ana kwa ana. Si ugomvi, ni heshima. Simtazami usoni, sili naye, na nikiwa na neno napitishia kwa mke wangu, Kapinga. Siku hizi wengi mjini wameliacha. Mama hajaliacha, nami namheshimu kwa hilo.

Kapinga asipokuwepo, maneno hupita kwa paka.

Usicheke, mkuu. Mama anaongea na Kapita kwa sauti ya kunifikia mimi, nami namjibu Kapita kwa sauti ya kumfikia mama. Nyumba inaenda vizuri kabisa.

Sasa tuingie kwenye tatizo.

Kapinga alisafiri kwenda Mutshatsha kununua mahindi na makaa ya kuuza. Huko mazungumzo ya simu yanategemea upepo umeamkaje. Nyumbani tukabaki mimi, mama, Kapita, na paka jike mdogo wa Kapinga anayeitwa Titi.

Nikaona Kapita anaenda kwenye boksi lake la mchanga, anachuchumaa, anakaa, anatoka, anarudi tena. Mchanga mkavu. Mara ya mwisho akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Nikamtia kwenye katoni, nikapanda pikipiki hadi kwa daktari wa wanyama mjini.

Daktari alimpapasa tumbo, akamfanyia kazi yake, mkojo ukatoka. Kisha akanikalisha. Akasema paka dume wana njia nyembamba ya mkojo, na kwa huyu mkojo ulikuwa mzito, wenye chembe kama mchanga. Anakunywa maji machache mno.

"Tata, leo amekojoa," alisema; tata huku ni baba au bwana. "Kama hakunywe muzuri, itafungana tena. Na ile siku pengine nitashindwa."

Nilimrudisha nyumbani na maneno hayo kifuani. Mama alikuwa ameketi barazani, uso kaupeleka upande wa barabara kama kawaida. Nilimweka Kapita chini, nikamweleza Kapita yote aliyosema daktari. Mama alimchukua mapajani akamkumbatia, akawa anampangusa vumbi la barabara masikioni.

Hapo nikaelewa kwamba hatuongelei paka tu. Yule ndiye kiumbe wa mwisho aliyelala miguuni pa mumewe.

Basi nikafanya kama wengi wetu tunavyofanya, nikakimbilia mashine. Rafiki yangu dereva alikuwa anatoka Lubumbashi, nikamwomba aniletee fonteni ya paka. Ni chombo cha plastiki chenye pampu ndogo na filta, maji yanapanda na kumwagika kama kijito. Paka wengi hupenda maji yanayotembea, na hilo ni kweli. Titi aliiona tu akaanza kuipiga kofi, kisha akanywa.

Kapita aliitazama kwa mbali. Pampu ilikuwa inanguruma. Alirudi nyuma, akaingia chini ya kitanda cha mama.

Mama akasema, kwa sauti ya kunifikia vizuri: "Kapita, uambie ule tata, alikuletea maji ao mashini ya kusaga bunga?"

Nikamwambia Kapita avumilie.

Kisha umeme ukakatika, kama ulivyo umeme wetu. Maji yakasimama. Umeme ulichelewa kurudi, na nilipoingiza kidole nikakuta utelezi kwenye plastiki. Titi mwenyewe akaikataa.

Na lile bakuli la shaba lilikuwa palepale, maji yake hayapungui.

Ila niligundua kitu. Mama huloweka sufuria ya bukari, yaani ugali wetu, uani baada ya kula. Nikamwona Kapita anaenda taratibu kwenye ile sufuria, pana, imejaa hadi mdomoni, akainama akanywa kidogo. Kwa hiyo kiu anayo, na maji anayataka. Ya kwenye bakuli lake ndiyo hayataki.

Mama alipokwenda kwenye maombi nikapiga magoti jikoni. Nikanusa sufuria: harufu ya unga tu. Nikanusa bakuli la shaba.

Ndimu.

Wakuu, kila asubuhi mama alikuwa analisugua bakuli kwa ndimu na majivu, kama marehemu alivyomfundisha. Ndiyo njia ya kung'arisha shaba, watu wa huku wote wanaijua. Tangu Kapita augue, alikuwa analisugua kwa bidii zaidi, asubuhi na jioni, ili mgonjwa anywe kwenye chombo safi.

Na paka karibu wote wanachukia harufu ya ndimu. Zaidi ya hapo, ndimu huila shaba, na mabaki yake yanaachia maji ladha kali ya chuma. Ukiongeza kwamba bakuli lilikuwa jembamba hadi masharubu yanagusa pande zote, na limebanana na sahani ya samaki, unaona mwenyewe. Kadiri mama alivyompenda, ndivyo paka alivyokosa maji.

Sasa nimwambieje?

Nilipanda kwenye mwinuko wa jirani wenye mtandao, nikampata Kapinga kwenye simu. Nikamweleza. Akasema kwa Kiswahili chetu cha huku, ambacho "njo" ni "ndiyo": "Mi niambie mama kama kyombo ya papa njo inaletea Kapita bugonjwa? Apana. Atalia siku yote. We njo uko pale, tafuta njia." Simu ikakatika. Mpaka leo sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Kuficha bakuli kungekuwa wizi. Kwa kunyamaza ningekuwa namzika Kapita polepole. Nikarudi nyumbani.

Mama alikuwa barazani, Kapita kwenye katoni katikati yetu, mimi nikasimama mlangoni macho chini.

Nikasema, "Kapita, mama anakupenda sana. Kila asubui anapangusa kyombo yako na ndimu, inangala."

"Kapita, uambie ule tata, ndimu njo inaondosha buchafu ya shaba. Bwana yangu njo alinifundishaka."

"Kapita, uambie mama, alimufundisha muzuri. Ile kyombo, tata marehemu alinyweaka ye mwenyewe, na pua ya mutu. Pua ya paka haiko sawa. Ndimu, paka anakimbiaka. We Kapita hautaki kusema, sababu uko na heshima."

Pikipiki ikapita na vumbi lake, vumbi likashuka. Nilidhani nimeharibu.

Kisha mama akainama juu ya katoni.

"Kapita," akasema, "kumbe uko mukwe, we pia? Unakufa na kiu, unashindwa kuniambia?"

Akaanza kucheka, na machozi yanatoka huku anacheka. Akafuta uso kwa ncha ya kitambaa. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alisema, bila kupitia kwa paka, uso bado upande wa barabara:

"Mukwe, mwaga ile maji ya ndimu. Mi natafuta kyombo ingine."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kunisemesha. Sikuinua macho, lakini nilikwenda upesi kama niliyetumwa na rais.

Alitoa bakuli la enameli, jeupe, pana, la chini-chini, ambalo kabla ya hapo lilikuwa la kukandia unga. Akalisuuza kwa maji matupu mara kadhaa, akalijaza hadi ukingoni, akaliweka chini ya dirisha la sebule, mbali na chakula.

Kapita alikuja, akanusa, akaondoka zake. Sote wawili tukaugua moyoni, kila mtu upande wake.

Kesho yake asubuhi nilipoamka maji yalikuwa yamepungua, na yeye alikuwa ameinama pale, anakunywa kwa utulivu wa mzee asiye na haraka. Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia, kaziba mdomo kwa mkono. Baada ya hapo mchanga wa boksi ukaanza kulowa vizuri. Nilimrudisha kwa daktari, akampapasa, akasema tumbo ni laini, tuendelee hivyo hivyo.

Bakuli la shaba liko juu ya kabati. Mama bado analisugua, na ndani yake anaweka sindano zake za kushonea.

Kwa wanaotaka kuchagua, haya ndiyo nimeyaona yanafaa.

Tafuta chombo kipana ambacho masharubu hayagusi kingo, na ukijaze. Paka wengi hawapendi kuingiza kichwa shimoni. Enameli isiyobanduka ni nzuri, kioo, udongo uliopakwa rangi ya kung'aa, au chuma kisichoshika kutu. Plastiki ikichakaa inashika michubuko, na kwenye michubuko ndimo utelezi unapojificha.

Osha kila siku kwa sabuni kidogo na usuuze mpaka harufu iishe. Ndimu usitumie, na kama unatia zhaveli, yaani dawa ya klorini, kwenye pipa lako la maji, usizidishe, kisha acha maji ya paka yakae wazi kwanza. Sisi tulio kando ya barabara za malori tubadilishe maji zaidi ya mara moja, maana vumbi halina adabu.

Fonteni si mbaya. Titi anaitumia hadi leo, tumeiunganisha na betri ya sola na ninaifungua kuosha pampu. Ila isiwe chombo pekee ndani ya nyumba, na kama paka wako ni mwoga chagua isiyo na mngurumo. Umeme ukikatika, lazima bakuli la kawaida liwepo.

Kwenye chakula unaweza kuongeza maji ya moto kidogo yakishapoa, au supu ya samaki isiyo na chumvi wala kitunguu. Kapita huanza kwa supu, nyama baadaye.

Na hili nalirudia kwa herufi kubwa moyoni mwangu: paka akichuchumaa bila mkojo kutoka, hasa dume, usianze kubadilisha mabakuli. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Somo nililobaki nalo ni kwamba mgonjwa asiyeweza kusema hukataa kitu kwa sababu, na sababu hiyo mara nyingi imeshikwa na mkono unaompenda kuliko wote. Usiulaumu huo mkono. Upe njia ya kusikia.

Mkuu, kama paka wako ana chombo chake cha ajabu anachokipenda, iwe ndoo, bomba au kikombe cha chai cha mwenye nyumba, andika hapa chini tujifunze. Na aliyewahi kutumia fonteni ya chuma atuambie inadumu vipi.

Lakini kabla hujaandika, nenda sasa hivi lilipo bakuli la paka wako. Linuse. Mwaga maji, lisuuze, lijaze hadi ukingoni, ulisogeze mbali na chakula.